Kwa Kila Mia ya Mwanamume

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine mpelekee Baba hapo alipokaa, ila usimwambie imetoka kwenye barua. Mwambie nimepiga simu. Goti lake vipi? Ile dawa ya kuchua anaitumia, au bado anaificha chini ya mto na kusema imekwisha? Na macho yako, yameacha kuwasha? Shemeji namsalimu kwa heshima zake zote, na watoto nawabusu mmoja mmoja, hata yule anayefuta busu kwa mkono wa shati.

Huku mimi na binti yangu tu wazima wa mwili. Yeye anakula, anacheza, jino la mbele limeng'oka na analitembeza lile pengo kama mtu aliyepandishwa cheo. Mimi ndiye sijiwezi. Chakula nakitazama tu. Mlango ukigongwa, hata na mtoto wa jirani anayeazima kiberiti, nachungulia dirishani kwanza. Nimekonda, Dada. Sketi ya kazini naifunga kwa pini.

Nakuomba uisome barua hii peke yako, chumbani, mlango umefungwa. Ukimaliza utajua nani wa kumwonyesha na nani wa kumficha. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu. Nilibonyeza namba yako nikakata kabla haijaita, maana nikisikia sauti yako nitalia, na ukinisikia nalia utapanda gari uje. Safari hii sitaki uje. Nataka ubaki hapo hapo kwenye kiti chako mbele ya taa ya kukagulia chupa. Halafu haya ni mambo ya kusomwa mara mbili, na simu haisomeki.

Kama unavyojua, mwenye kiwanda chenu na kiwanda chetu ni mmoja. Ninyi huko mnatoa chupa ndogo za dawa, sisi huku za soda na za mafuta ya kupikia. Usichokijua ni ofisi yetu. Iko juu ya ukumbi wa ukaguzi, unapanda ngazi za chuma, na kutwa nzima sakafu inatetemeka kwa ajili ya chupa zinazopita chini kwenye mkanda. Tuko wawili, mimi karani wa mishahara na mhasibu, ambaye wafanyakazi wamembandika jina la Bwana Nukta kwa kuwa anaweza kugombana na benki siku nzima kwa ajili ya nukta moja. Meneja wanamwita Pamba. Si kwa weupe, ni kwa sauti. Hajawahi kuipaza tangu aje, hatembei kwa kishindo, na mlango anaufunga kama anayemlaza mtoto. Watu wa tanuri wanasema afadhali yule aliyepita aliyekuwa akitukana, maana akishatukana ulijua amemaliza.

Mwezi uliopita ofisi ya kazi ilitoa agizo kwamba kila kampuni yenye wafanyakazi wengi ipime wanaume wake wanalipwa nini na wanawake wake wanalipwa nini, iandike tofauti, na chini aweke saini mtu aliyefanya hesabu. Pamba akaniita mimi. Bwana Nukta alikuwa amezama kwenye kufunga mwaka, na nadhani pia Pamba aliona jina la mwanamke chini ya hesabu ya namna ile litapendeza. Nisikufiche, Dada, nilifurahi. Tangu niingie pale kazi yangu imekuwa kuandika kwa usafi walichokokotoa wengine. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia binti yangu kwamba mama amepewa kazi ya kichwa.

Njia yenyewe si ngumu. Unachukua wanaume wote wa viwanda vyote viwili, unajumlisha wanacholipwa kwa saa pamoja na posho, unagawa kwa idadi yao. Wanawake vivyo hivyo. Kisha unauliza: mwanamume akipata mia, mwanamke anapata ngapi? Jibu lilikuwa sabini na moja. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Nikawatoa vibarua wa muda, nikawatoa wanaojifunza kazi, nikamtoa na Pamba mwenyewe, maana mshahara wake peke yake unatosha kupindua mzani. Ikapanda kidogo tu, kama mtu anayejinyoosha kwenye kiti bila kusimama.

Nikajiambia ni tanuri hilo. Wale wanaume wanaungua, mtu asiwaonee wivu kwa posho yao. Basi nikawaweka pembeni wote, nikabaki na watu wa ukaguzi peke yao, wanaume na wanawake, mbele ya taa zile zile. Hapo nilitegemea kukuta mia kwa mia. Nilikuta themanini. Wanaume wote wa pale wameandikwa "mkaguzi". Wanawake wote, hata waliozikalia zile stuli kabla wanaume hao hawajaota ndevu, wameandikwa "msaidizi wa ukaguzi".

Nikashuka ngazi nikaone kwa macho. Wewe huhitaji kuelezwa ukumbi huo, lakini mimi nilikuwa sijawahi kukaa mle zaidi ya kupeleka karatasi na kutoka. Nilikaa zamu nzima. Chupa zinapita mbele ya kile kioo cheupe kama watu wanaotoka uwanjani, hazina mwisho, na mtu anatakiwa kuona ufa mwembamba kama unywele, au kiputo, au mdomo uliopinda, na kuitoa chupa kabla haijampita. Baada ya muda mfupi macho yangu yalianza kutoa machozi na kila chupa nikaiona ina ufa. Nilikuelewa siku hiyo, Dada, kwa nini ukija kwetu unapenda kukaa gizani.

Nilikaa karibu na kiongozi wa wale wanawake, mtu mzima wanayemwita Mama Kicheko kwa kuwa hacheki. Upande wake wa kulia kuna kijana, mkaguzi kwa cheo. Mara kwa mara kijana yule alikuwa anainua chupa na kumwonyesha, naye Mama Kicheko anatikisa kichwa au anaitikia, bila hata kuacha kutazama za kwake. Nikamfuata msimamizi wa zamu. Nikamuuliza kwa adabu, ili niandike vizuri, mkaguzi anafanya nini ambacho msaidizi wa ukaguzi hafanyi. Si mtu mbaya yule. Alifikiri kwa kweli. Alitazama dari, akajikuna shingo, akatazama mstari wote wa stuli kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu akaniambia:

"Mkaguzi ni mwanamume."

Hakuwa anatania. Nami niliandika hivyo hivyo.

Nilipompelekea Pamba hesabu yangu alinipongeza. Akainuka akaufunga mlango taratibu. Akauliza binti yangu anaendeleaje shuleni, kama bado tunakaa kile chumba cha kampuni karibu na geti la nyuma, kama bomba linatoa maji. Kisha akauliza, "Na dada yako wa kule kiwanda cha pili, macho yake yanamsumbua bado?"

Dada, sijawahi kumwambia mtu yeyote pale kwamba nina dada. Wala la macho sijamwambia. Nikasema hajambo, tunashukuru. Akasema vizuri, akasema familia ni kitu kikubwa. Akaendelea kusema namba hii ni nzito, ikishatoka nje hairudi, na kwamba mtu mwenye akili kama yangu hawezi kukosa njia nyingine ya kuipima. Tulizungumza mengi siku ile. Kuna moja nimeliruka makusudi, nitalisema huko mbele, maana sasa hivi mkono hautaki.

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika bila mtu kusema yamebadilika. Mlinzi wa geti, ambaye miaka yote alikuwa ananipungia tu mkono, akaanza kupekua mkoba wangu, anafungua hadi kopo la mafuta ya kujipaka. Hanitazami usoni anapofanya hivyo. Bwana Nukta akaacha kunywa chai mezani, anabeba kikombe chake anasimama nje kwenye ngazi. Siku moja tulipishana hapo kwenye ngazi akaninong'oneza kwamba yeye ana watoto wanne, akapita. Nilibaki nimeshika ule mkono wa chuma wa ngazi kama kuku aliyenyeshewa. Alikuwa ananionya, au ananiomba nisimtaje? Mpaka leo sijui.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, mwembamba, mcheshi, ambaye siku ile ya ukumbini alinieleza mengi kuhusu mishahara yao. Siku moja baada ya Pamba kuniita walimwondoa kwenye taa wakampeleka shimoni kwenye vigae, kule chupa mbovu zinakotupwa zivunjwe zirudishwe tanurini. Nilimwona wakati wa mapumziko amefunga vidole viwili kwa kitambaa. Alinipita kama hanijui.

Basi nikawa nikiingia chumba cha kubadilishia nguo maongezi yanazimika. Wanawake wanakumbuka ghafla kufunga viatu. Nilitaka kuwaambia mimi niko upande wao, lakini na mimi nikainamia viatu vyangu. Mama Kicheko alisubiri wengine watoke. Akanishika kifundo cha mkono, si kwa ukali, akasema, "Mwanangu, wewe unapima. Tutakaokatwa ni sisi." Nikamwambia sivyo, hesabu ni ya kuwasaidia. Akanitazama kama anavyotazama chupa. Akaniachia.

Hakukosea. Wiki iliyofuata Pamba aliniita tena, na safari hii kulikuwa na mgeni, mwanamume aliyevaa suti ya kubana, mwenye kampuni ya kukodisha vibarua. Nilipewa kiti. Nikapewa hata maji. Pamba akaeleza kwa ile sauti yake kwamba wasaidizi wote wa ukaguzi, wa huku na wa kiwanda cha pili, watahamishiwa kwa huyu bwana. Hawataondoka. Watakaa kwenye stuli zile zile, watakagua chupa zile zile, ila anayewalipa atakuwa mwingine. Na kwa kuwa watalipwa na mwingine, hawatakuwa wafanyakazi wetu, hawatahesabiwa. Tukipima upya, watakaobaki wanawake ni sisi wachache wa ofisini, na kwa kila mia ya mwanamume, mwanamke atapata tisini na nane. Mgeni akacheka akasema kampuni itapewa zawadi kwa usawa huo.

Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, miaka yao ya kazi itakuwaje, na kiinua mgongo. Pamba akasema hilo limeshawekwa sawa kwenye fomu, na fomu nitaichapa mimi. Niliichapa, Dada. Mikono hii hii. Juu inaitwa Fomu ya Kuhuisha Taarifa za Mfanyakazi. Inaanza kwa kuuliza anwani, namba ya simu, idadi ya watoto. Katikati, kwa herufi ndogo, kuna sentensi moja ndefu inayosema mwenye saini anakubali kwamba kuanzia tarehe hiyo mwajiri wake ni yule mwenye vibarua, na kwamba hana dai lolote kwa utumishi wa nyuma. Chini yake yanakuja tena maswali ya damu ni kundi gani, na nguo za kazi ni saizi gani.

Nilitakiwa pia kuandaa hesabu mpya, ya tisini na nane, niiweke saini ikisubiri fomu zikamilike.

Siwezi kukudanganya kwamba nilipiga moyo konde. Nilifanya kama mtu anayekimbia mbwa, anaruka ukuta ambao siku nyingine asingeweza. Mchana wa siku ya tatu, wakati wa chakula, nilitoka na ile hesabu ya kwanza, ya sabini na moja, nimeikunja ndani ya gauni la shule la binti yangu lililokuwa linakwenda kushonwa. Mlinzi alikung'uta mkoba, gauni akaligusa tu akaniruhusu. Nilitembea kwa miguu hadi ofisi ya kazi kwa kuogopa kuonekana kwenye gari.

Kule mapokezi kulikuwa na dada mmoja anakula karanga. Aliifungua, akaisoma juu juu, akafika chini akakuta hapana saini. Akaniuliza nani ameiandaa. Nikasema mimi. Akanisogezea kalamu. Dada, niliitazama ile kalamu kama nyoka. Nilimfikiria binti yangu, nikakufikiria wewe, nikamfikiria yule mwanamke wa shimoni na vidole vyake. Kisha nikaona kuna mtu nyuma yangu kwenye foleni anasonya kwa kuwa nachelewesha, nikaona aibu, nikatia saini. Ndivyo nilivyokuwa shujaa, kwa kusonywa. Dada wa karanga akagonga mhuri, akanipa nakala, akaniambia kampuni ina nafasi ya kusahihisha mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo imekwisha.

Maneno hayo ndiyo yanayonikosesha amani. Maana Pamba aliyajua kabla yangu. Kesho yake asubuhi aliniita, na nakala ya hesabu yangu ilikuwa mezani kwake. Nani aliipeleka sijui. Hakukasirika. Aliniambia kwa upole kwamba fomu zikishatiwa saini kabla ya mwezi kwisha, atapeleka hesabu sahihi, na hapo yangu itaonekana ni ya uongo. Na karani anayepeleka serikalini hesabu ya uongo kwa jina la kampuni, alisema, mambo yake hayaishii kwa meneja, yanakwenda polisi. Akanipa likizo isiyo na malipo. Akaniomba ufunguo wa chumba cha kampuni. Alisema nichukue muda wangu, hadi jioni.

Kwa hiyo unga umeshamwagika, Dada. Nilikuwa nimesimama nje ya kile chumba na masanduku mawili, godoro limekunjwa, binti yangu ananiuliza tunakwenda wapi na mimi najifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Majirani walikuwa wanachungulia kwenye mapazia. Aliyekuja ni Mama Kicheko, kwa viatu vya kazini. Alibeba godoro kichwani akatangulia.

Tuko kwake tangu siku hiyo, vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Siku ile ile nilimweleza yote kuhusu fomu, nikamwambia sentensi iko wapi na imejificha katikati ya nini. Alinisikiliza huku anamenya viazi. Akauliza fomu zinaanza kutolewa lini. Nikasema sijui, wakati wowote.

Zilitolewa juzi. Mimi nilibaki hapa ndani nafua nguo zilizokwishafuliwa. Nilijua wanawake wale wanaogopa. Nilijua na yeye anaogopa, kwa sababu asubuhi ile alivaa blauzi kinyume, akaenda nayo hivyo hivyo. Nilijiambia wakitia saini sitawalaumu. Saa za kutoka zamu zilipita hajarudi. Niliwaza wamemshika. Niliwaza ametia saini anaona aibu kurudi. Nilikwisha kupanga nguo za mtoto kwenye sanduku, sijui nilitaka kwenda wapi.

Aliingia jioni, akaketi, akavua viatu, akasugua nyayo. Kisha akasimulia bila kuulizwa. Walimwita wa kwanza kwa kuwa ni kiongozi, wakijua yeye akitia saini wengine watafuata. Pamba mwenyewe alimsogezea fomu. Naye akamwambia, "Samahani, mimi sijui kusoma."

Dada, huyu ni mtu anayewasomea majirani wote barua zao za shule na risiti zao za umeme. Pamba akatabasamu akasema si kitu, ni taarifa tu, aweke dole gumba. Akasema haweki dole kwenye kitu ambacho hakijasomwa, alishawahi kuuziwa redio mbovu namna hiyo. Wakamwambia basi asubiri nje, wakamwita wa pili. Wa pili naye hajui kusoma. Wa tatu alisema alijua zamani lakini taa za ukaguzi zimemharibu macho, na hilo angalau lilikuwa kweli. Yule mwembamba wa shimoni aliingia na vidole vyake vya kitambaa akasema yeye hakwenda shule hata siku moja, na kadi yake ya kazi iliyoandikwa amemaliza kidato cha nne ilikuwa shingoni inaning'inia.

Ikabidi wakusanywe wote ukumbini wasomewe. Pamba akampa msimamizi wa zamu asome kwa sauti. Mkanda ulikuwa umesimamishwa, na Mama Kicheko anasema hajawahi kusikia ukumbi ule ukiwa kimya namna hiyo. Msimamizi alisoma anwani, simu, watoto. Akafika kwenye ile sentensi. Alisoma nusu yake, akapunguza mwendo, akaisoma tena moyoni huku midomo inacheza, halafu akanyamaza. Pamba akamwambia aendelee. Hakuendelea. Mama Kicheko akamwomba, kwa upole na wasiwasi wa mtu asiyejua kusoma, arudie hapo alipoishia maana hawakuelewa. Akarudia. Wakamwomba arudie tena. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyegoma. Walisema tu kwamba mambo haya ni makubwa mno kwa watu wasiosoma, wangeshukuru aje mtu wa ofisi ya kazi awaeleze. Wakarudi kwenye stuli zao.

Saini haikupatikana hata moja. Lakini usifurahi. Mama Kicheko mwenyewe hakufurahi. Alipomaliza kusimulia aliinuka akaenda kukaza komeo la mlango. Mtu wa ofisi ya kazi hajaja. Na jana Bwana Nukta alipita hapa dukani kama ananunua rangi, akasema kwa kuutazama ukuta kwamba wiki ijayo Pamba anakuja kwenu, kiwanda cha pili, na mabunda ya fomu yameshapakiwa. Ninyi ndio wengi zaidi. Ninyi hamjasikia lolote. Mkitia saini ninyi, hesabu inageuka hata bila hawa wa huku.

Sasa lile nililoliruka. Fomu hizo zimetoka kinywani mwangu. Siku ile ya kwanza, Pamba aliponiuliza ni nini hasa kinachoishusha namba, nilitaka aone kwamba najua kazi. Nikamwambia kama wasaidizi wa ukaguzi wasingekuwa wafanyakazi wetu, tofauti ingekuwa karibu na hakuna. Nilisema kama hesabu tu, kama mtu anavyosema ukitoa tatu kwenye tano. Akanitazama, akaniambia, "Rudia." Nikarudia, Dada. Nikaongeza na mfano. Nilitoka mle ndani nimefurahi kwamba amenielewa. Kabla ya mimi kusema, sidhani lilikuwa kichwani mwake. Mama Kicheko nimemwambia hili. Aliacha kumenya, kisha akaniambia nisogeze godoro la mtoto, hapo paa linavuja. Hajasema amenisamehe. Asubuhi alinipa ufunguo wa akiba.

Wala sikuandikii kwa ajili yako peke yako, nisijipake asali. Naogopa polisi. Naogopa binti yangu ataulizwa shuleni mama yuko wapi. Pamba alinitajia macho yako, na nimejiuliza kila siku kama kwa kusema haya nakuokoa au nakuponza. Uamuzi nakuachia wewe, wewe ndiye mkubwa.

Ila kama utaniuliza ninachotaka, nitakuambia. Nilipokuwa sijaanza shule ulinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa ukanifundisha herufi kwa maandishi ya kopo la maziwa, na nilipokosea ulinifinya sikio. Huko kiwandani wote wanajua unapenda kusoma, hata karatasi ya kufungia sukari huiachi. Dada yangu, nakupigia magoti: wiki ijayo usijue kusoma. Na wenzako wote kwenye taa, wa kushoto na wa kulia, waambie wasijue.

Barua hii anakuletea mkononi binti wa Mama Kicheko. Mpe maji, usimuulize kitu mbele za watu. Ukishaisoma nipigie, uniambie tu kama kwenu kumenyesha. Ukisema kumenyesha, nitaelewa mmekubali. Mwenyezi Mungu akuangalie wewe, shemeji, Baba na watoto, na sisi huku asitusahau. Binti yangu anakuamkia, anasema utakapomwona tena pengo litakuwa limeshafungwa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Chiriku